Panya Walioshiba Mara Mbili

Mtu akiniuliza nimestaafu kazi gani, huwa namjibu kwanza kwamba nilikuwa mtumishi wa serikali, halafu namwangalia kama anafaa kuambiwa yaliyobaki. Nyie wanangu mnaoanza kazi za maabara mnafaa, kwa hiyo nawaambia moja kwa moja: mie Siwema nilikuwa mtunza panya. Siyo mfukuza panya. Huyo kila nyumba ya Temeke ilikuwa naye, na alikuwa paka. Mie nilikuwa nawalisha, nawafanyia usafi, nawapima uzito, nawapa mtihani, na wakifa nawazika nyuma ya banda na kuandika kwenye daftari wamekufa kwa nini.

Nilianza miaka ile ya Ujamaa, msichana niliyemaliza darasa la saba, nakaa Temeke kwa shangazi yangu aliyenilea tangu tulipotoka Lindi. Nilipomwambia nimepata kazi kwenye kituo kidogo cha utafiti wa magonjwa, kile kilichokuwa nyuma ya maghala njia ya kwenda Kurasini, yeye akawatangazia majirani kwamba nimekuwa nesi. Hakukusudia uongo. Alisikia neno magonjwa, akamalizia mwenyewe. Ilimchukua wiki mbili kujua ukweli, na aliujua kwa sababu nilirudi na alama za meno kidoleni.

"Mgonjwa kakuuma?" akaniuliza.

"Panya, shangazi."

"Hospitali gani hiyo yenye panya?"

"Panya ndiyo kazi yenyewe."

Akaendelea kukuna nazi kwa muda mrefu kuliko nazi yenyewe ilivyohitaji. Halafu akasema, "Basi majirani tuwaache na unesi wao."

Kile kidonda nilikitafuta mwenyewe. Nilimshika panya mkia kwenye ncha, kama watu wanavyomshika panya wa nyumbani wakienda kumtupa. Panya wa maabara hashikwi hivyo. Ngozi ya mkia wake kwa ncha ni laini, inaweza kuchunika ikakubakia mkononi, naye kwa maumivu atageuka akuume, na atakuwa na haki. Unapitisha kiganja chini ya kifua, vidole viwili nyuma ya miguu ya mbele, unambeba kama kikombe cha chai ya moto: hukibani, hukiachii. Aliyenifundisha hivyo alikuwa Mzee Nantembo, mkuu wa banda letu. Aliniambia huku ananifunga kidole kwa kitambaa, bila kucheka, na kwa hilo nilimpenda tangu siku ile.

Mzee Nantembo alikuwa Mmakonde wa Newala, wa ukoo wa wachongaji. Hakuja kituoni kutunza panya. Alikuja kama seremala, aitwe, apige mbao, aondoke. Lakini kile alichoagizwa kutengeneza kilimshika, akabaki nacho. Kilikuwa kama meza pana ya mninga, juu yake kuna vichochoro vilivyozungushiwa kuta za mbao za urefu wa shubiri mbili. Vichochoro vingine vinaishia ukutani, vingine vinakurudisha ulikotoka, kimoja tu kinafika kwenye kijichumba chenye karanga. Sie tulikiita Kariakoo, maana mgeni akiingia mara ya kwanza lazima apotee. Kile kijichumba cha karanga ndicho sokoni. Unamweka panya mlangoni, unabonyeza saa, unahesabu amekosea kona ngapi mpaka afike sokoni, unaandika. Ndiyo mtihani wenyewe. Na sharti kubwa la mtihani ni moja: panya hali kitu asubuhi ile mpaka amalize. Aliyeshiba hana haja ya kwenda sokoni.

Mwenye utafiti alikuwa Dokta Rwiza, Mhaya, mrefu, kaptula ya kaki na soksi mpaka magotini, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo na masanduku mawili, moja la nguo na moja la karatasi. Zamani zile mzee akianza kusahausahau, watu walisema karudia utoto, au wanamtafuta aliyemloga. Dokta yeye aliamini ni ugonjwa wa ubongo, tena ugonjwa unaoanza kimyakimya miaka mingi kabla nyumbani hawajagundua. Alitaka kujua dalili ya kwanza kabisa ni ipi. Kwa binadamu ungengoja miaka thelathini. Panya wa miezi sita ni kijana, na wa miaka miwili ni babu anayetafuta jua la kuota. Kwa hiyo tuliwafuga mpaka wazeeke, tukawapeleka Kariakoo kila wiki, tuone kitu gani kinaanza kuwaponyoka.

Nilimuuliza siku moja kwa nini alichagua ugonjwa wa wazee, wakati nchi ina malaria ya watoto. Alikuwa anakunja mikono ya shati, akaacha.

"Baba yangu alikuwa mwalimu," akasema. "Siku moja alishindwa kuijua nyumba aliyoijenga mwenyewe. Sote tukasema, Mzee ameanza. Kumbe alikuwa anamalizia."

Baada ya hapo sikumuuliza tena.

Sasa msidhani tulikuwa watu wa huzuni. Mwezi wangu wa kwanza nilimletea Dokta furaha ya bure. Panya wote, wazee kwa vijana, walianza kupita Kariakoo kama wamezaliwa mle. Dokta anaandika, anafuta, anaandika tena, ananiambia, "Siwema, hii haijawahi kuonekana." Mzee Nantembo alisimama pembeni akitazama panya watatu wakipita, akainama, akanusa ubao wa mninga.

"Unasafisha na nini, binti?"

"Kitambaa kikavu, Mzee."

"Panya akipita anaacha mkojo. Wa pili anafuata harufu ya wa kwanza. Hawa hawakumbuki njia. Wamepanga foleni."

Dokta akaweka kalamu chini taratibu. Toka siku hiyo kila panya akitoka nafuta Kariakoo nzima kwa spiriti, nangoja ikauke, ndipo naingiza mwingine. Nyie mna mashine zinazopiga picha kila unyayo. Nazo zifuteni.

Kosa la pili lilikuwa la Idd. Siku iliyofuata sikukuu nilikuja kazini bado nanukia udi na marashi, maana shangazi alikuwa amenifukiza mpaka nywele. Panya wa kwanza nilipomshika alipiga chafya mara nne, akaingia Kariakoo, akakaa kwenye kona ya kwanza anajipangusa uso, hakuondoka. Wa pili hivyo hivyo. Mzee Nantembo akanituma bombani nikanawe mikono mpaka viwiko kwa sabuni ya kufulia. "Wewe umependeza," akasema, "lakini wao hawajaalikwa."

Dokta aliwapa panya namba. Mzee aliwapa majina. Namba kumi na saba, kwa mfano, aliitwa Balozi. Alikuwa wa makamo, mnene, na alikuwa na tabia ya kulala katikati ya kizimba ili kila anayetaka maji aombe njia kwake. Jina hilo lilituletea kisa.

Wakati ule unga, sukari na mafuta vilikuwa vya foleni. Balozi wa nyumba kumi wa mtaa uliopakana na kituo, yaani kiongozi wa chama wa pale, bwana mmoja mwenye sauti ya mkutano hata akiomba maji, alisikia kwamba ndani ya uzio ule kuna panya wanaokula mahindi, dagaa na karanga. Akaja na wajumbe wawili na daftari. Akasimama mbele ya vizimba, akatutazama sote watatu.

"Ndugu zangu, nauliza swali dogo tu. Hawa panya ni wafanyakazi au ni wategemezi?"

Dokta akafungua mdomo aeleze mambo ya ubongo, lakini Mzee Nantembo akamtangulia. "Ni wafanyakazi, ndugu balozi. Hakuna anayekula kabla ya kazi."

Jibu likaandikwa. Wakati huohuo nilikuwa nimefungua kizimba cha kati kumtoa panya wa mtihani, namba kumi na saba akajilaza mlangoni kama kawaida yake, nami kwa mazoea nikasema kwa sauti, "Jamani Balozi, sogea, unatuzibia njia."

Balozi wa nyumba kumi akasogea. Akasogea mpaka ukutani, na wajumbe wake nao wakasogea. Hakuna aliyecheka. Dokta aligeuka kutazama dirishani na mabega yake yakawa yanatikisika. Mie nilimbeba yule panya nikapita mbele ya yule bwana, na nikamshukuru kwa kunipisha.

Lakini kilichonibakia ni alichofanya bwana yule baadaye. Dokta alipomweleza tunatafuta nini, alifunga daftari. Akauliza kwa sauti ya kawaida, ambayo sikujua kama anayo, "Mama mkwe wangu anapika, anapakua, halafu anauliza nani kapika. Hilo nalo lina panya wake?" Dokta akamvutia kiti. Walikaa karibu saa nzima. Hatukusikia tena habari ya mahindi.

Kazi iliendelea hivyo mpaka mwaka ambao nataka hasa kuwasimulia. Wale panya wazee wa Dokta walikuwa wametimia umri aliokuwa anaungoja. Alikuwa amealikwa kusoma matokeo yake mbele ya mkutano wa madaktari, na alihitaji miezi michache tu ya mwisho. Na katika miezi hiyo, panya wazee wakaanza kuharibika. Yule aliyekuwa anafika sokoni kwa kukosea kona mbili, sasa anakosea saba, au anakaa tu mlangoni anatazama ukuta. Wote kwa pamoja, ndani ya wiki chache. Dokta alitembea kwenye banda kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. "Ndiyo hii," alikuwa anasema. "Inaanza ghafla. Sikutegemea kama ingekuwa ghafla."

Mie ndiye niliyekuwa napima uzito kila Jumatatu, na mizani ilikuwa inasema mengine. Panya mzee akidhoofika akili, na mwili hupungua. Hawa walikuwa wananenepa. Balozi alifika mahali akawa hapiti kwenye mlango wa kizimba bila kusukumwa. Nilimuuliza Mzee Nantembo, akasema ni unene wa heshima. Halafu nikaona karanga za sokoni haziguswi. Panya anafika baada ya kuzungukazunguka, anainusa karanga, anaiacha, anajilaza pembeni yake.

Mzee ndiye aliyekuwa analisha. Ratiba ilikuwa mtihani asubuhi, chakula mchana. Siku moja nilipata lifti ya lori la bandarini, nikafika mapema kuliko siku zote. Nikamwona Mzee anapita na ndoo, anamimina chakula kila kizimba, anaongea na panya kwa Kimakonde. Saa moja asubuhi, kabla ya mtihani. Nikajifanya nafagia nje. Akarudisha ndoo stoo, akakaa kwenye benchi, akapangusa miwani. Baada ya muda akainuka, akasimama katikati ya banda, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaenda stoo, akatoka na ndoo. Akamimina tena.

Mambo niliyokuwa nayaona bila kuyatazama yakaanza kuja yenyewe. Funguo za banda niliwahi kuzikuta ndani ya debe la dagaa. Jioni tukitoka pamoja, pale njia inapogawanyika ya Mtoni na ya Temeke, Mzee alikuwaga anasimama, anajifanya anafunga kamba ya kiatu, anangoja mie nianze kwenda ndipo na yeye ajue upande wake ni upi. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi, na mara nyingi alikuwa amevaa kandambili.

Siku tatu sikula vizuri. Nikinyamaza, Dokta atasimama mbele ya wenzake atangaze kwamba amegundua dalili za uzee wa ubongo, kumbe amegundua shibe. Nikisema, Mzee Nantembo anafukuzwa. Mwaka wake wa kuzaliwa aliuandikisha kwa kukisia, na alikisia kwa kujipunguzia, kumbe umri wa kustaafu ulishampita. Nikamwambia shangazi.

"Mwambie dokta panya wamekula," shangazi akasema. "Aliyewapa usimtaje."

"Ataniuliza."

"Basi mwambie wamekula wenyewe."

Nilikwenda nikiwa na mpango huo, nawaambia kweli. Dokta alikuwa mezani na karatasi zake za mkutano, amezipanga vizuri sana.

"Dokta, panya wameshiba."

"Wameshiba nini?"

"Chakula. Wanaingia mtihani wameshiba. Hawajasahau njia. Hawana shida ya kwenda."

Akanitazama. Halafu akatazama karatasi. Alikuwa mtu mwepesi kuelewa, sikuhitaji kurudia.

"Nani anawalisha asubuhi?"

Nilitazama miguu yangu. Nilikuwa nimejiandaa kusema wamekula wenyewe, lakini vizimba vilikuwa na kufuli, na Dokta alijua kwamba vina kufuli.

"Siwema. Mzee?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mara moja?"

"Mara mbili, Dokta. Nimemwona. Anawapa, anakaa, anawapa tena."

Nilidhani atakasirika. Alivua miwani, akafunika uso kwa viganja viwili, akakaa hivyo. Alipozungumza, hakuzungumza habari ya mkutano.

"Kila asubuhi namwamkia," akasema. "Kila asubuhi anaitikia marahaba, ananiuliza habari za Bukoba, namjibu, ananiuliza tena. Nikawa nasema ni adabu za watu wa kusini."

Tulikwenda kwa Mzee pamoja. Alikuwa kwenye benchi lake anapiga msasa kipande cha ukuta wa Kariakoo kilichovimba kwa mvua. Dokta akachuchumaa mbele yake, na soksi zake zile, akaanza kuongea kwa kuzunguka sana, habari za ratiba, habari za uchovu. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Dokta," akasema, "mie najua. Unafikiri sijui? Nikishika ndoo kuna siku sijui kama natoka kuwapa au nakwenda kuwapa. Nisipowapa, na kumbe sijawapa, watakufa njaa kwa ajili yangu. Nikiwapa mara mbili watanenepa. Nikachagua wanenepe."

Mie nilijifanya nahesabu vizimba.

"Kwa nini hukutuambia, Mzee?" Dokta akauliza baadaye.

"Ningekwambia, ungenipa namba," Mzee akasema.

Basi hapo Dokta alicheka, na machozi yakatoka katika kucheka kuleule, na Mzee naye akacheka, akampa kipande cha msasa ajipanguse, kisha akaona alichompa, akampa leso.

Dokta aliandika barua kwenda ofisi ya juu kwamba hatakwenda mkutanoni kwa sababu panya wa utafiti walikuwa wameshiba. Aliandika hivyohivyo, kwa kifupi, maana aliona aibu kueleza zaidi. Baada ya wiki tatu tukajibiwa na bwana mmoja ambaye bila shaka alisoma haraka. Alitupongeza kwa juhudi, na akasema ni jambo la kujivunia kwamba katika kipindi cha upungufu, kituo chetu kimeweza kufikia shibe. Barua ile Dokta aliipachika ukutani mwa banda, na mimi mpaka nastaafu ilikuwa bado ipo, imeliwa pembe na mmoja wa waliopongezwa.

Mzee hakufukuzwa. Dokta alikwenda nyumbani kwake Mtoni, akazungumza na mkewe, Mama Fidelis, mama mpole wa sauti ndogo. Mama Fidelis alisema alianza kuona mambo zamani, lakini mambo yenyewe yalikuwa madogo kiasi kwamba aliona haya kuyasema. Mzee kusimama mlangoni mwa chumba kama anayesikiliza. Kuingia uani, kurudi, kuingia tena. Hakuwa amesahau jina la mtu hata mmoja. Dokta aliandika yote yale kwa mkono wake.

Ndoo nikapewa mimi. Tukatundika ubao mweusi mlangoni, anayelisha anaweka alama kwa chaki, na Mzee akasema ubao ni wazo zuri, ulipaswa kuwepo tangu mwanzo kwa ajili ya vijana wasiokuwa makini. Yeye akahamia useremala, kibarazani pa banda, kutengeneza vizimba na kukarabati Kariakoo. Mikono ile ilikuwa bado na akili zake zote. Kila asubuhi Mama Fidelis alimsindikiza mpaka getini, na jioni mie nilimrudisha mpaka mlangoni, nikitangulia hatua moja pale njia panda, bila kusema kwa nini natangulia.

Na wale panya tukawapunguza unene, tukaanza upya. Ilituchukua muda mrefu na wengine walikufa kabla. Lakini waliobaki, wakiwa na njaa ya kweli, walituonyesha alichokisema Mama Fidelis. Panya mzee hasahau njia kwa mara moja. Kwanza anaanza kusita kwenye kona anayoijua. Anasimama, anainua pua, anachungulia huku na huku. Halafu, siku nyingine, anaingia kichochoro alichotoka kuingia dakika ile ile. Sokoni anafika, na ukitazama saa tu utasema mzima. Ilibidi uwe unamtazama yeye. Dokta akabadilisha karatasi zetu zote, badala ya kuandika amefika au hajafika, tukawa tunaandika amesita wapi. Nyie mtasoma vitabuni maneno marefu kuhusu jambo hili. Sie tulikuwa na chaki na saa moja ya kubonyeza, na mara nyingine saa yenyewe ilikuwa imeharibika, nahesabu kwa mdomo.

Kwa hiyo mkiwa na mzee nyumbani, msingoje asahau majina yenu. Mwangalieni njia panda. Na mkiona, msimcheke na msibishane naye, nendeni naye polepole. Dawa hatukuipata, siwezi kuwadanganya. Ila yule aliyejulikana mapema alipata watu wa kutembea naye mapema.

Mzee Nantembo alikaa nasi kibarazani zaidi ya mwaka. Asubuhi moja niliingia getini, nikamkuta amesimama mlangoni mwa banda, amevaa koti la kazi, ananingoja.

"Karibu, binti," akaniambia. "Wewe ndiye mpya?"

Nilitaka kusema, mie Siwema, Mzee. Nikaona uso wake, umejaa hamu ya kazi, nikasema, "Ndiyo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Weka mkoba wako pale, uje nikuonyeshe."

Akanipeleka kwenye vizimba vya panya wenye watoto. Mwaka ule, tangu Mzee ahamie kibarazani, tulikuwa tunapoteza vichanga vibaya sana. Ukishika kichanga kumpima tu, kesho unakuta mama yake amewala wote. Nilikuwa nimejaribu kunawa mikono, nimejaribu spiriti, nimejaribu kuvaa mifuko mikononi, wapi. Mzee akafungua kizimba, akachota maranda wanayolalia mle ndani, yale machafu yenye mkojo, akayasugua viganjani mwake mpaka kwenye kucha.

"Mtoe mama kwanza," akasema. "Mweke pembeni, mpe karanga, ashughulike. Wewe jipake uchafu wa nyumba yake. Hapo ndipo ushike mtoto, maana sasa unanuka kama wao. Ukimaliza, mrudishe mama, usimchungulie."

Miaka yote ile hakuwahi kuniambia. Labda alikuwa analifanya bila kujua kwamba analifanya, au alidhani nimeshaona. Nikachota maranda, nikasugua. Alinitazama kwa makini, akanirekebisha vidole, tukawapima wale watoto wote tisa. Kesho yake walikuwa tisa.

Alipomaliza kunifundisha alikaa kwenye benchi, amechoka. "Kesho nitakuuliza," akaniambia.

Kesho hakuniuliza. Alikuwa anapiga randa kibarazani, akaniitikia shikamoo kama anavyomwitikia mpita njia. Nikakaa karibu yake nikamweleza mwenyewe, hatua kwa hatua, mama nje, karanga, maranda machafu, mtoto, usichungulie. Alisimamisha randa akanisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa.

"Sawasawa kabisa," akasema. "Aliyekufundisha anaijua kazi."